Tundu la Samba likitangazwa: kiraka siku ileile, au kipimwe kwanza?

Mleta mada

Wadau, kila tangazo la usalama la Samba (programu inayoiwezesha seva ya Linux kushirikishana mafaili na Windows) linapotoka watunza seva hugawanyika kambi mbili, kwa hiyo naweka msimamo wangu mezani. Seva ya kushirikishana mafaili iwekewe kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, siku ileile kilipotoka. Anayekipima wiki nzima anamwachia mshambuliaji wiki nzima.

Tazameni CVE-2017-7494 (CVE ni namba ya utambulisho wa tundu la usalama) ya tarehe 24 Mei 2017. Ilikuwamo katika matoleo yote kuanzia 3.5.0, yaani tangu 2010. Mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anapakia maktaba yake, faili la `.so`, kisha anaomba kufungua bomba la mawasiliano (named pipe, njia ambayo programu huzungumza na seva) na mahali pa jina la bomba anaandika njia kamili ya lile faili. Seva inalichukua na kuliendesha. Kiraka chenyewe ni mistari michache tu: jina la bomba likiwa na alama ya mkwaju (`/`), likataliwe. Hapo unapima nini wiki nzima? Msimbo wa kushambulia ulikuwa hadharani ndani ya siku chache.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umechagua kiraka chepesi kuliko vyote. Chukua kile cha Badlock, jina la utani la matundu ya Samba na Windows yaliyotangazwa tarehe 12 Aprili 2016. Kilibeba CVE kadhaa kwa pamoja na kubadili tabia za msingi za seva. Kwa mfano `ldap server require strong auth` ikawa `yes` bila kuguswa na mtu. Seva ya domeini (inayotunza akaunti za ofisi nzima) iliyosasishwa ikaanza kukataa kila programu iliyozoea kuingia LDAP, yaani orodha ya akaunti hizo, kwa nywila isiyosimbwa, bila TLS. Kwa mtumiaji, hiyo ni "mfumo umekufa". Baadhi ya distro (matoleo ya Linux kama Ubuntu) zililazimika kutoa viraka vya pili kurekebisha kilichovunjwa na vya kwanza.

Kwa hiyo mimi nasema siku mbili za majaribio kwenye nakala ya seva, na wakati huo tumia kinga ya muda iliyoandikwa kwenye tangazo lenyewe. Kwa CVE yako ya 2017, kinga hiyo ilikuwa mstari mmoja chini ya `[global]` kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba:

`nt pipe support = no`

Ukishauandika, unawasha upya smbd, programu ya Samba inayohudumia mafaili. Shambulio limefungwa, nawe una nafasi ya kupima.

Mchangiaji wa tatu

Kinga ya muda nayo ni badiliko, na mara nyingi ndiyo isiyopimwa kabisa. Huo mstari unazima mabomba yote, na Windows huomba orodha ya folda za seva kupitia mojawapo ya mabomba hayo. Kompyuta zilizokuwa zikivinjari seva zinaona patupu. Waliounganishwa moja kwa moja na folda wanaweza wasione tofauti, ndiyo maana malalamiko huja vipandevipande na kuchanganya watu.

Hatari zaidi ni CVE-2021-44142 ya Januari 2022, kwenye moduli ya `fruit` inayohudumia kompyuta za Apple. Kinga iliyotolewa ilikuwa kuiondoa `fruit` kwenye mstari wa `vfs objects`. Lakini njia nyingine iliyoonekana rahisi, kubadili `fruit:metadata` au `fruit:resource`, inafanya taarifa zilizokwisha kuhifadhiwa pamoja na mafaili zisifikiwe tena. Kwa mtumiaji wa macOS zinaonekana zimepotea. Tangazo lilionya hivyo waziwazi, ila msomaji mwenye haraka huishia kwenye aya ya kwanza. Kuhamia 4.13.17, 4.14.12 au 4.15.5 kulikuwa salama kuliko kuchezea mipangilio.

Mchangiaji wa nne

Mnabishania siku, na wengi waliosasisha "siku ileile" bado wako wazi. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo kazi inapoharibikia.

Kwanza, namba ya toleo haikuambii kitu kwenye distro zinazotunza toleo la zamani. Wao huchukua kiraka na kukishonea kwenye toleo lilelile, hivyo `smbd -V` inaweza kuonyesha namba ambayo kwenye tangazo imetajwa kuwa na tundu, ilhali limeshazibwa. Kinyume chake pia hutokea: mtu anaona pakiti "ni mpya kabisa" kumbe distro yake haijatoa kiraka. Soma kumbukumbu ya mabadiliko: `apt changelog samba`, au `rpm -q --changelog samba | grep CVE`. Usipoiona namba ya CVE humo, angalia ukurasa wa usalama wa distro yako kabla ya kujipongeza.

Pili, faili kwenye diski si programu iliyomo kwenye kumbukumbu. smbd huzaa mchakato mmoja kwa kila mteja aliyeunganishwa, na mteja anaweza kukaa ameunganishwa siku nyingi. `smbcontrol all reload-config` husoma upya mipangilio tu, msimbo unabaki wa zamani. Kinachotakiwa ni `systemctl restart smbd`, kisha uhakiki: chukua PID (namba ya mchakato) kutoka `smbstatus`, tazama muda kila mchakato ulipoanza kwa `ps -o lstart= -p PID`. Ulioanza kabla ya kusasisha una tundu bado. Pia `lsof` ikionyesha `DEL` kwenye mistari ya smbd, maktaba ya zamani ingali imeshikiliwa.

Tatu, Samba inayoendeshwa ndani ya kontena (kifurushi kinachobeba programu na maktaba zake chenyewe) haiguswi na usasishaji wa mashine mama. Taswira yake (image) ijengwe upya.

Kabla ya kuwasha upya, endesha `testparm -s` ili kosa la tahajia kwenye smb.conf lisikuache bila huduma, na `smbstatus -L` uone mafaili yaliyofungwa. Mtu aliyeweka hifadhidata kwenye folda ya mtandao atakatwa katikati ya kuandika. Mjulishe, umpe dakika kumi na tano.

Mleta mada

Nakubali hoja ya uhakiki, tena ilipaswa kuwa kwenye mada yenyewe. Lakini siku mbili za mchangiaji wa pili zinanipa wasiwasi, maana huwa hazibaki mbili. Kiraka cha Windows cha MS17-010 kilitoka 14 Machi 2017. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia iliyotumia tundu hilo, ilianza kusambaa 12 Mei, siku 59 baadaye, na ikakuta mashine tele ambazo hazijaguswa. Hakuna aliyepanga kungoja siku 59.

Mchangiaji wa pili

Ndiyo maana nasema siku mbili zenye tarehe na jina la mwenye jukumu. Na nitakupa hili: tundu linaloweza kutumiwa na mtu asiye na akaunti, au na mgeni kwenye folda yenye `guest ok = yes` na `read only = no` (mgeni anaingia na kuandika), siombi hata saa moja. Linalohitaji akaunti halali kwenye seva ya domeini, nitapima kwanza.

Mchangiaji wa tano

Wote mnazungumza kana kwamba kiraka kipo. Kuna vifaa vya NAS (visanduku vya kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa ofisi) ambavyo mtengenezaji alishaviacha, na ndani yake Samba ni ya miaka mingi. Hapo fungia uandishi wa wageni, ruhusu poti 445 na 139, zinazotumiwa na Samba, kwa anwani chache tu kwenye fayawoli, na anza kuhamisha mafaili.

Lingine ni vichanganuzi vya nyaraka vinavyojua SMB1 pekee, toleo la kwanza la protokali ambayo Samba huitumia. Samba 4.11 iliizima kwa chaguo-msingi mwaka 2019, na watu wakairudisha kwa `server min protocol = NT1` kwenye seva kuu kwa ajili ya mashine moja. Hapo mmefungulia ofisi nzima protokali ya zamani. Wekeni seva ndogo ya pembeni kwenye VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyotengwa), folda moja, `hosts allow` ikitaja anwani ya kichanganuzi peke yake, na seva kuu ivute mafaili kutoka kule. Seva ndogo isipewe njia yoyote ya kuifikia seva kuu.