Kugongwa "kidogo" na gari ukiwa kwa baiskeli Nairobi: tupeane uzoefu

MwendaPole

Wadau, habari zenu. Naomba tuongee kuhusu zile ajali ambazo hazifiki kwenye taarifa ya habari. Kioo cha Probox kimekupiga kiwiko. Mtu amefungua mlango bila kuangalia nyuma. Gari limerudi nyuma polepole likakalia gurudumu lako. Unaanguka, unaamka, dereva anashusha dirisha nusu: "Uko sawa?" Unajibu uko sawa, kwa sababu watu wanakutazama na damu imechemka. Anaenda zake. Ukifika kazini ndipo unagundua huwezi kushika kikombe.

Yangu ni ya Jogoo Road, nikitoka Donholm kwenda Industrial Area. Pale karibu na City Stadium magari yakibanana, wenye haraka hupanda ukingo wa kushoto, na huko ndiko tuliko sisi. Kioo kikanipiga bega, nikaenda kulala mtaroni. Dereva alisimama mbele kidogo, akashuka, akakirudisha kioo chake mahali pake, akakikagua kama kimekwaruzika, halafu ndiyo akanitazama mimi. Bega limepona. Hiyo ya kuanza na kioo bado inaniuma.

Ninachotaka kujua: Ulimzuia dereva? Ulichukua pesa? Ulienda polisi, na ikasaidia? Baiskeli ulijuaje kama bado ni salama? Mawaidha ya "vaa helmeti" tunayo ya kutosha, leteni yaliyowakuta.

Mzee Mamba

Mimi ni wa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, keria na kreti. Napeleka mikate madukani kuanzia alfajiri, Makadara, Hamza, Maringo. Ukiwa na mzigo nyuma huwezi kukwepa upesi kama hawa vijana wa baiskeli nyembamba. Gari lilikuwa mbele ya duka, likarudi nyuma na kunisukuma ubavuni. Sikuumia. Gurudumu la nyuma lilikunjika, na mikate ikamwagika kwenye maji machafu.

Mwenye gari alikuwa mtu mzuri, na hapo ndipo penye shida, maana mtu mzuri anakuharakisha. Alinitia mia tano mkononi, "Mzee pole, utakunywa chai," akanipigapiga mgongoni. Waliosimama pale wakasema huyo ni muungwana, mwache aende. Mia tano! Kreti moja ya mikate peke yake inapita hapo, na mikate si yangu, jioni lazima nihesabu pesa za watu. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kwanza. Nikampigia fundi wangu, nikaweka simu sauti ya juu, fundi akataja bei ya rimu, spoku na kazi yake, sote tukisikia. Kisha tukahesabu mikate pamoja, mmoja mmoja. Alituma yote kwa M-Pesa hapohapo. Hakubisha, kwa sababu bei haikutoka kinywani mwangu.

Wenzangu wa mikate na maziwa nimewaambia hivyo: usitaje bei wewe, mwache fundi ataje. Na usihesabu baiskeli tu. Hesabu mzigo, hesabu na kazi ya siku hiyo.

Otis wa Pipeline

Mzee umeniweza 😂 Mimi jamaa wa Prado alinipatia mia mbili "ya soda". Ya soda! Na foki imeenda, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele. Nilikuwa nimeshtuka hadi nikamwambia asante.

Siste wa Roysambu

Mzee Mamba alipata dereva mwenye masikio. Mimi nilipata makanga, utingo wa matatu.

Ilikuwa Thika Road, ile barabara ya pembeni, natoka kazini. Matatu ikanipita, na kabla haijamaliza kunipita ikakata kushoto mbele yangu kuchukua abiria mahali ambapo si stage. Breki nilishika, lakini nafasi ya kusimama haikuwepo. Nikaingia ubavuni karibu na taa ya nyuma, nikaanguka kwa goti. Sasa angalieni jinsi mambo yanavyogeuka: kwa aliyeona mwisho tu, ni mimi niliyeigonga matatu. Makanga akashuka akiuliza nani atalipa rangi. Mimi niko chini, goti linavuja damu, naulizwa habari ya rangi.

Watu walijaa haraka. Na hapa niseme jambo ambalo wanaume hapa huenda hawalioni. Kwa kuwa nilikuwa na helmeti, glavu na ile suruali ya kubana, umati uliamua kwamba mimi ni mtu wa mazoezi, mwenye pesa, anayechezea barabarani huku wenzake wakitafuta riziki. Mama mmoja akasema, "Na wewe nawe, hii baiskeli si ungeenda nayo Karura?" Natoka kazini, jamani. Hiyo ndiyo nauli yangu. Lau ningekuwa na leso na kreti ya sukuma wiki nadhani hukumu ingekuwa nyingine.

Kilichoniokoa ni kwamba nilipiga picha kabla sijainuka. Sikupiga ya goti. Nilipiga magurudumu ya mbele ya matatu yakiwa yamekatwa kushoto, mkia bado uko katikati ya njia, na namba ya gari inaonekana. Dakika moja baadaye dereva alikuwa ameinyoosha gari, na ingeonekana imeegeshwa kistaarabu. Nilipomwonyesha makanga ile picha, habari ya rangi ikaisha. Wanabodaboda wawili waliokuwa wananipinga wakageuka kuwa mawakili wangu.

Pesa sikupata. Nilipata tu kuachwa niende. Usiku ndipo shingo ilikataa kugeuka.

Karani

Siste, hiyo ya usiku ndiyo sababu nawaambia watu wasimalizane barabarani kama mwili umeguswa. Nafanya kazi karibu na mahakama za Milimani, haya nayaona kwenye mafaili.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73: ajali ikitokea na mtu au chombo kikadhurika, dereva lazima asimame, na akiulizwa na mwenye sababu ya kuuliza atoe jina na anwani yake, ya mwenye gari, na namba za gari. Asipotoa, aripoti polisi haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Haisemi "kama kilichogongwa ni gari lingine". Baiskeli imo.

Kwa hiyo piga picha ya namba, na piga picha ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Watu husahau stika, na yenyewe ndiyo inayokuambia kampuni ya bima na kama bima imeisha. Kituoni hakikisha ripoti yako imeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na upewe namba yake. Umeumia, omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari. Fomu yenyewe hailipiwi. Baadaye utachukua abstrakti, yaani muhtasari wa polisi kuhusu ajali.

Jambo moja la kujua mapema ili usije ukalia: bima ya lazima, ile ya Sura ya 405, ni ya kifo na majeraha ya mwili. Rimu yako haimo. Ya baiskeli utamdai dereva au mwenye gari, isipokuwa kama bima yake ni ya kiwango cha juu zaidi. Na kwa madai kama hayo kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Rider wa Oda

Karani, heshima zako, lakini wewe unaongea kama mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Mimi napeleka chakula kwa baiskeli, Kilimani na Kileleshwa. Gari lilikata kushoto kuingia petroli bila indiketa, likanibeba kwa bampa. Nilifanya hiyo yote unayosema. Nikaenda kituoni, kituo sitataja. Afande akasema vyombo vyote viwili vikaguliwe, kwa hiyo baiskeli ibaki. Gari la yule bwana lilitoka jioni hiyohiyo. Baiskeli yangu ilikaa pale hadi nikaogopa kwamba siku nitakayoipata itakuwa haina kiti. Hizo siku zote sina kazi, oda zinaenda kwa wengine. Nikipigwa tena na naweza kusimama, nachukua pesa ya fundi nasonga. Niiteni mjinga.

Karani

Sikuiti mjinga. Hiyo ya baiskeli kubaki nimeisikia mara nyingi, na ni kweli inawafukuza watu kituoni. Basi fanya hivi: ukichukua pesa, ichukue kwa M-Pesa, usikubali taslimu. Ujumbe unabaki na jina lake na tarehe. Na usiandike popote kwamba umelipwa yote na huna dai lingine. Andika "pesa ya kutengeneza baiskeli". Shingo ikikataa usiku kama ya Siste, bado mlango haujafungwa. Madai ya kuumia kwa uzembe yana miaka 3.

Otis wa Pipeline

Sasa hii ya M-Pesa ndiyo nilikuwa natafuta.

Dereva wa Kenta

Naingia kama mgeni, msinipige mawe. Niko Enterprise Road na Lunga Lunga kila siku na kenta. Hilo la kukata kushoto mbele ya baiskeli limetajwa na wawili, na mimi nitasema linavyoonekana kutoka juu. Ubavu wa kushoto wa lori, kuanzia mlango kurudi nyuma, kuna mahali kioo hakifiki. Baiskeli ikipenya hapo tukiwa kwenye foleni, kwangu imepotea. Foleni ikisonga, kichwa kinaingia kushoto kwanza, halafu mkia unafuata ukikata ndani zaidi. Yule aliyekuwa na nafasi ya kutosha sasa yuko kati ya tairi na ukingo.

Kwa hiyo foleni ikiwa imesimama karibu na kona au geti la godauni, baki nyuma yangu au pita mbele kabisa nikuone. Usikae katikati. Wa magari madogo hawana kisingizio hicho, hao wapigieni kelele.

Mzee Mamba

Dereva karibu, kaa. Maneno yako ni ya kweli. Lakini waambie na wenzako indiketa si ya mapambo.

Fundi Kando ya Reli

Nimesoma yote nikingoja mtu ajibu swali la baiskeli. Hakuna aliyejibu, mmeshika sheria tu.

Wateja wengi wananiletea gurudumu lililopinda. Hilo ni rahisi, nanyoosha kwa spoku, na likikataa tunabadilisha rimu. Hatari iko kwenye foki. Ukigonga kitu kwa mbele, simama kando ya baiskeli uitazame ubavu. Mstari wa ile bomba inayoshika usukani ushuke hadi kwenye foki bila kukatika ghafla. Ukiona miguu ya foki imerudi nyuma, au kidole cha kiatu kinagusa tairi ukikata kona wakati zamani hakikugusa, usipande. Isukume ukitembea.

Halafu pitisha kidole chini ya fremu, nyuma tu ya ile bomba fupi ya mbele inayopitisha usukani, pale bomba mbili zinapokutana nayo. Rangi ikiwa imejikunja au imepasuka kama ganda la yai, chuma cha chini kimepinda. Mamba ya mzee ni chuma kizito, itakuonya kabla haijakatika. Aluminiamu haionyi, na mimi siinyooshi hata ukinilipa mara mbili. Kuna mafundi wanaoipasha moto na kuivuta. Sitawataja, lakini mnawajua.

Mwisho angalia breki. Usukani ukizunguka wakati wa kuanguka, waya huvutika na kutoka mahali pake. Unapanda ukidhani uko sawa, unashika breki pale mteremko wa kwanza, na hakuna kitu.

Mama Wawili

Nauliza tofauti kidogo. Mwili umepona, baiskeli imepona, ila mimi nikisikia gari linakaribia nyuma kwa kasi mikono inakaza kabisa. Ngong Road ina njia yetu sehemu kadhaa, lakini mara ni kibanda, mara ni bodaboda anakuja uso kwa uso, mara gari limeegeshwa, unarudi barabarani tu. Mlirudije?

Siste wa Roysambu

Mimi nilianza na Jumapili asubuhi, njia ileile, mji ukiwa umelala. Nikapita pale mahali mara kadhaa bila matatu. Halafu nikaongeza Jumamosi. Hofu haikuisha yote, na sitaki iishe yote. Nilichoacha ni kubana kwenye ukingo kabisa. Nikibana, wananipita kwa kioo. Nikitoka kidogo ndani ya njia wanapiga honi, ila wanapunguza mwendo. Honi haijavunja mtu mfupa.

MwendaPole

Asanteni wote. Fundi, swali moja: helmeti yangu ina ufa kwa ndani, kwenye ile povu nyeupe, nje haionekani kitu. Naweza kuitia gundi?

Fundi Kando ya Reli

Hapana. Ile povu inafanya kazi mara moja tu, ikishapasuka imemaliza. Nunua nyingine, na hii ya zamani ikate mkanda ndiyo uitupe, isije ikarudi sokoni mtu akauziwa.