Filamu iliyokukonga moyo na iliyokuvunja moyo: tupeane uzoefu

Mama Pacha
Habari za jioni wanajamvi. Wiki hii nimeangalia filamu mbili, moja bado inanizunguka kichwani, nyingine imeniacha na uchungu. Naanza mimi, nanyi mlete zenu.

Nzuri ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Kitabu cha Adam Shafi nilikisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani tu: dhamira, wahusika, basi. Safari hii nilikaa sebuleni na mama mkwe, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Yasmin kaozwa mzee asiyemtaka, anatoroka. Denge na wenzake wanapambana na Mwingereza. Filamu haina pupa, watu wanaachwa wanyamaze. Mama mkwe akasema, "Hawa wanasema kama tulivyokuwa tukisema kwetu." Ilipokwisha hakulala. Alinisimulia habari za shangazi yake aliyeikimbia ndoa, kisa ambacho hata mume wangu hakuwahi kukisikia.

Iliyoniangusha siitaji jina. Kisa chake kizuri: mjane ananyang'anywa shamba na shemeji zake. Lakini muziki unafunika maneno, mjane anaamka alfajiri na kope za bandia, na shemeji anatangaza hila zake kwa sauti akiwa peke yake chumbani. Tukafika mahakamani, hakimu akafungua faili, likaja neno "itaendelea". Kinachoniuma ni kwamba yule dada anajua kuigiza. Kuna mahali anapepeta mchele huku anatukanwa, ungo hausimami, hamtazami mtu. Hapo nilimwamini kabisa. Anastahili hadithi iliyokamilika. Nyinyi je?

Kaka wa Nakuru
Yangu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Jo ni msichana mdogo mwenye ugonjwa usio na tiba, na anapenda mashujaa wa sinema. Dada yake Mwix anakishawishi kijiji kizima kimfanye mtoto aamini kwamba ana nguvu za ajabu.

Niliikwepa miaka mingi kwa sababu ndugu yangu mdogo alifariki kwa saratani ya damu. Juzi nikajikaza. Aliyenigusa ni mama yao, anayetaka mtoto akae nyumbani apumzike. Mama yetu alikuwa hivyo hivyo, mimi nikimwona anamfungia mtoto ndani, na tuligombana sana. Filamu ilipoisha nilimpigia simu, tukaongea mpaka salio likaisha.

Mbaya ilikuwa ya upelelezi. Muuaji nilimjua dakika ya kumi, sina zaidi.

Msomaji
Mama Pacha, nakuheshimu ila kwangu Vuta N'kuvute ndiyo iliyonipa huzuni. Picha zake ni nzuri mno, sikatai. Lakini kitabu nimekisoma mara tatu, na Mwajuma ndiye roho yake: anampokea Yasmin bila kumuuliza kabila wala mali. Nilitaka kukaa naye zaidi, nimsikie akicheka, nimwone akihangaika na chumba chake. Labda ukipenda kitabu hivyo, filamu haikutoshi.

Mama Pacha
Pole sana kaka wa Nakuru, Mungu amrehemu mdogo wako. Msomaji, mama mkwe naye kasema vivyo hivyo kuhusu Mwajuma. Jumamosi anaiangalia tena, safari hii kamwita na wifi yake.