Jopo likisema "Una swali?", usaili unafungwaje?

Mwanafunzi_wa_Kudumu
Wakuu, salaam. Maswali ya katikati ya usaili yameshajadiliwa sana, ila mwisho wake watu wanaupita juu juu. Naomba ufafanuzi kuanzia pale mwenyekiti anapofunga faili na kusema "Sisi tumemaliza, una swali?" mpaka msailiwa anapotoka nje ya geti. Maswali mangapi? Mshahara unatajwa au unaachwa? Jibu la katikati likiharibika, linarudiwa? Na meseji ya shukrani inasaidia au ni kujipendekeza? Usaili wenyewe ni wa ana kwa ana, jopo la watu 3, dakika 40.

Kalamu_Kavu
Katika dakika 40, hesabu kwamba utaachiwa kama 5 za mwisho. Zinatosha maswali 2 na kauli fupi ya kufunga, basi.

Andaa maswali 5, kwa sababu mengine yatajibiwa kabla hujayauliza. Yaandike kwenye daftari, na kulitupia jicho si kosa. Uliza kuhusu kazi yenyewe: "Atakayechukua nafasi hii, mngependa awe amekamilisha nini katika miezi 3 ya kwanza?" au "Kazi hii inategemeana na idara zipi, na mara nyingi hukwama wapi?" Hilo la pili ni zuri kwa sababu jibu lake linakupa cha kusema ukifunga.

Wengi huteleza kwa kuuliza kitu ambacho tangazo la kazi limeshakieleza, au kurundika maswali matatu kwa pumzi moja hadi jopo lijibu la mwisho tu. Wengine husema "Sina swali, mmeeleza yote." Kama kweli yote yamejibiwa, onyesha kwamba ulisikiliza: "Nilitaka kujua kuhusu mgawanyo wa zamu, lakini mmeshanieleza. Nimebaki na moja tu."

Hilo moja ndilo usilosahau: "Hatua inayofuata ni ipi, na majibu yatatolewa lini na kwa njia gani?" Ondoka na tarehe, na ujue kama ni simu au barua pepe. Bila tarehe hutajua lini kuulizia ni haki na lini ni usumbufu.

Kisha funga kwa sekunde 30, sentensi tatu: shukrani, hitaji walilolitaja wao, na ushahidi mmoja kutoka kwenye kazi zako. Mfano: "Asanteni kwa muda wenu. Mmesema taarifa za mwezi zinachelewa kwa sababu takwimu zinatoka vituo vingi. Kazi ya kukusanya takwimu za vituo 6 na kuziwasilisha kwa wakati ndiyo niliyoifanya miaka 2 iliyopita, na ningependa kuifanya hapa." Nyamaza hapo. Usimalizie na "naomba mnisaidie nipate hii nafasi." Kazi si sadaka, na kauli hiyo inafuta yote uliyojenga.

Bi_Mizani
Naongezea kuhusu jibu lililoharibika. Lirudie kama ulisema kitu kisicho sahihi (mwaka, kiasi, sheria) au uliruka hatua muhimu. Kama tatizo ni kwamba ungeweza kulisema kwa ufasaha zaidi, liache. Na ulirekebishe kabla ya kuanza maswali yako, maana ukishaanza kuuliza, wajumbe wengi huwa wameshaweka alama. Sentensi moja ya kutaja, mbili za kurekebisha: "Naomba kurekebisha jibu langu kuhusu bajeti. Nilisema robo mwaka, ni nusu mwaka." Usiombe radhi mara tatu.

Mshahara: katika usaili wa kwanza usiuanzishe wewe. Wakiuliza, taja kiwango cha chini na cha juu, na hicho cha chini kiwe unachoweza kukikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ndicho kitakachobaki mezani.

"Unaweza kuanza lini?" nalo huja mwishoni, na huangusha watu. Kama una kazi na mkataba unadai notisi ya mwezi 1, usijibu "hata kesho." Jopo linasikia kwamba na wao utawaacha hivyo hivyo.

Kutoka: ukikabidhi vyeti halisi, vihesabu vinaporudi, kabla hujasimama. Subiri mwenyekiti aonyeshe kwamba kikao kimekwisha. Mkono toa ukinyooshewa. Usiponyooshewa, kuinamisha kichwa kidogo na "asanteni" vinatosha. Mshukuru mwenyekiti kwanza, kisha wengine kwa macho. Rudisha kiti. Mlangoni usikumbuke jambo jipya. Simu ya "nimetoka, walikuwa wagumu kweli" ipigwe ukishavuka geti, kwa sababu mtu wa mapokezi ana masikio na mara nyingine huulizwa maoni.

Mjumbe_wa_Pembeni
Nakubaliana na mengi, ila tusiutwike mwisho mzigo usio wake. Kwenye usaili wa alama, kila mjumbe ana fomu yake na kila swali lina alama zake. Hapo kauli nzuri ya kufunga haiwezi kufidia maswali manne yaliyokwama. Inachoweza ni kuzuia usipoteze ulichokwisha kupata, au kukutenganisha na mwenzako mnapolingana.

Shukrani: barua pepe, ndani ya saa 24, maneno 80 hadi 120, kwa afisa aliyekuita kwenye usaili. Kama waliokualika wamesema usiwasiliane nao, tii. Taja jambo moja lililozungumzwa, thibitisha kwamba bado unaitaka nafasi, ambatisha tu walichokiomba. Hakiki majina, kukosea jina la mwenyekiti ni vibaya kuliko kutoandika kabisa. Usitafute namba binafsi za wajumbe. Huko ndiko kujipendekeza kunakoanzia.

Siku hiyo hiyo wajulishe wadhamini wako: nafasi gani, na mambo gani jopo liliyasisitiza, wasije wakapigiwa simu wakababaika. Tarehe uliyopewa ikipita, acha siku 3 za kazi, kisha ulizia mara moja kwa maandishi.

Kwa watakaosailiwa kwa video: shukuru, subiri mwenyeji afunge kikao, na usiseme neno mpaka uhakikishe kipaza sauti na kamera vimezimika.

Mwanafunzi_wa_Kudumu
Shukrani wakuu. Swali dogo: vipi kuuliza "Kuna jambo lolote linalowatia shaka kuhusu mimi?"

Bi_Mizani
Mbele ya jopo la watu 3, hapana. Wajumbe hawajashauriana, kwa hiyo unamlazimisha mmoja aseme shaka yake mbele ya wenzake, na shaka ya mmoja inageuka ya wote. Ukiwa na msaili mmoja ambaye ndiye atakuwa bosi wako, na mazungumzo yamekwenda vizuri, unaweza kuuliza hivi: "Kuna sehemu ya uzoefu wangu mngependa niifafanue zaidi?" Akitaja kitu, kijibu kwa dakika 1, usibishane.

Kalamu_Kavu
Na akisema "hapana, tumeridhika," funga daftari uage.