Kushuka mto Colorado kwa rafti (boti la mpira), mimi mtu wa Tanga najua bahari tu, nijiandaeje?

MtotoWaRaskazone:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Tanga, kazi yangu kupeleka wageni kupiga mbizi huku visiwani. Sasa kuna wazungu nimezoeana nao, mmoja kapata kibali cha kushuka mto Colorado ndani ya Grand Canyon kule Arizona, safari yao wenyewe sio ya kampuni, mwakani mwezi wa tisa, na wanataka niende nao. Tunaanzia Lees Ferry tunatokea Diamond Creek, kama kilomita 364, zaidi ya wiki mbili jangwani hakuna mtandao hakuna duka. Kuogelea sina wasiwasi ila mto wa namna hiyo sijawahi kuugusa. Nianzie wapi? Na ni kweli vyombo vinapinduka au wananitisha tu?

Baharia_Dunda:
Aisee usiikatae hiyo. Kibali ni bahati nasibu, watu wanaomba mwezi wa pili na wengi wanakosa mwaka hadi mwaka. Kundi lisizidi watu 16, na kila mtu anaruhusiwa safari moja tu kwa mwaka. Viza anza kuihangaikia leo sio mwakani.

BintiPangani:
Mdogo wangu, mimi mzaliwa wa Pangani naishi Arizona na huo mto nimeushuka, hivyo nisikilize. Kuogelea kwako weka pembeni kwanza. Maji yale yanatoka kina kirefu nyuma ya bwawa la Glen Canyon, miaka mingi yamekuwa nyuzi 8 mpaka 12 hivi, bwawa likipungua sana yanapata joto kidogo lakini usitegemee hilo. Juu jua linakuchoma, ukidondoka pumzi inakata na baada ya muda mikono inagoma kushika kamba. Boya la kuvaa halivuliwi ukiwa majini, hata ujione samaki.

Halafu baharini wimbi linatembea na maji yanabaki, mtoni kinyume chake, wimbi limesimama palepale maji ndo yanakimbia, kwa hiyo ukiliona mbele usingoje lipite, wewe ndo unalifuata. Ukianguka lala chali miguu mbele kule mto unakoelekea, vidole juu, usijaribu kusimama hata maji yakiwa ya magotini, maana mguu ukinasa kwenye mawe mkondo unakulaza kifudifudi na kunyanyuka huwezi.

Kupinduka zinapinduka ndiyo. Kuna rapidi, yaani sehemu ya maji makali, inaitwa Lava Falls, maili ya 179 kutoka Lees Ferry, watu wanashuka kwanza wanapanda mawe waitazame kabla ya kuingia, na humwoni anayecheka. Kule rapidi wanazipima 1 mpaka 10, sio 1 mpaka 6 kama kwingine, usije ukasikia 7 ukazimia 😂. Nafuu yake ni kwamba nyingi zimetokana na mawe yaliyosukumwa na mafuriko ya makorongo ya pembeni, ukishavuka unakuta maji yametulia mnaokotana.

Baharia_Dunda:
Kuna kitu wewe wa pwani utakipatia kuliko wao. Ule mto unajaa na kupwa kila siku kama bahari, sababu bwawa linaachia maji mengi umeme ukihitajika na kupunguza usiku, na maji hayo yanafika kila kambi kwa saa yake. Ukifunga rafti kizembe jioni asubuhi unaikuta imekaa mchangani na mzigo wote juu yake. Kazi ya kamba omba upewe wewe.

kaka_mkuu_Sahare:
Mimi nauliza choo jamani, wiki mbili??

BintiPangani:
Haja kubwa mnabeba kaka. Kuna makasha ya chuma yanafungwa kabisa yanasafiri nanyi mpaka mwisho. Ndogo sheria ni mtoni moja kwa moja, sio kichakani wala mchangani, ukizingatia kambi hiyohiyo kesho ina watu wengine. Maji ya kunywa ni ya mtoni pia, yakiwa ya tope mnayaacha yatuame kisha mnachuja na kutibu.

Hakikisheni kuna simu ya setilaiti. Anayetaka kuacha safari kwa miguu, sehemu ya kawaida ni Phantom Ranch, nyumba za wageni kule chini bondeni, maili ya 88, na pale ni kupanda kama kilomita 15 kwenye joto. Ukiumia chini ya hapo ni helikopta tu, bima iwepo.

Na chukua kikoi, ukilowesha ukajifunika mchana hutajuta.

MtotoWaRaskazone:
Shukrani dada, kikoi ninavyo. Hivi mazoezi naweza kuyapata wapi karibu? Mto wetu Pangani una mamba siendi 😅

BintiPangani:
Jinja, Uganda. Nile pale ina rapidi za daraja la 5 kwa kile kipimo cha 1 mpaka 6, maji ya joto, utajifunza kupinduliwa bila kuganda. Ila kwenye rafti ya abiria unashika kafi tu, na kule mtakuwa na rafti za makasia mtu mmoja anaendesha, hivyo waambie wakufundishe makasia siku za mwanzo, rapidi bado ndogo.

MtotoWaRaskazone:
Poa. Mwenye uzoefu wa basi la kwenda Jinja kutokea Tanga aje inbox tafadhali, napitia Nairobi au Mwanza?