Yule fundi wa kompyuta leo kanidhalilisha mbele za watu

Wakuu, leo povu ruksa. Modereta msiuhamishie uzi huu jukwaa la teknolojia, hapa tatizo ni adabu.

Yule fundi mnamjua. Wa hapa hapa Dodoma mjini, mwenye feni isiyozunguka na kiti kimoja cha wateja mia tano. Nimempelekea laptop yangu, inayotumia Linux badala ya Windows, abadilishe kibodi. Kibodi tu! Herufi ya "a" imekufa, na Kiswahili bila "a" utaandika nini?

Kaiwasha, kakuta Scrivener, programu ya kuandikia vitabu, kaanza kucheka. Ndiyo, ile ya Linux, waliyoitoa bure ya majaribio, ikafika 1.9 wakaitelekeza. Najua! Ubuntu za sasa, yaani hizo Linux zenyewe, hazina faili za zamani inazozitaka, libpng12 na GStreamer 0.10. Nimezisaka hizo faili kama ng'ombe aliyepotelea Bahi, nikazipata, inapiga kazi. Riwaya yangu yote imo humo, sura zimejipanga pembeni. Yeye inamuuma wapi?

Eti, "Mzee, hii programu ilishazikwa, we bado uko matangani?" Mzee! Sina hata mvi. Nikameza.

Ila KUIGEUZA laptop? Aligeuza, wakuu. Kawaelekezea skrini wanachuo wote waliokuja kuprinti ripoti za fildi, na hapo imefunguka sura ya pili. Binti mmoja kasoma kwa sauti: "Mariamu alimtazama kwa macho yake ya zabibu." Mama wa maandazi nje kacheka mpaka kaunguza maandazi. Nimebeba laptop yangu na kibodi mbovu vile vile nikaondoka.

Cheka unavyotaka, lakini unaigeuzaje laptop ya mtu?

Kipara wa Ilazo: Zabibu za msimu upi mkuu? Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, fafanua.

teminali_nyeusi: Ungeweka toleo la Windows kupitia Wine, ile inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, mateso ya nini? Halafu fungua lile folda la .scriv inamohifadhi riwaya yako, maandishi yote ni faili za RTF, LibreOffice inayasoma bila shida kama Word.

Mleta uzi: Nani kauliza Wine? Nimesema ALIGEUZA LAPTOP.

Babu DOS: Fundi huyo huyo alinikuta na WordPerfect, programu ya kuandikia ya enzi za DOS, ndani ya DOSBox inayoiga kompyuta za zamani, akamwita mdogo wake aje kupiga picha. Mwambieni George R. R. Martin, mwandishi wa Game of Thrones, anaandikia WordStar ya DOS na dunia nzima inamsubiri.

Kipara wa Ilazo: Ndiyo maana inamsubiri. Riwaya ya mwisho kutoka ya mfululizo wake huo ilitoka 2011, na bado haujaisha!

mke_wa_mtu: Mariamu alimpenda au alimtazama tu? Weka sura ya tatu.

Mleta uzi: Siweki kitu. Tusitoke nje ya mada.

Dada wa Nkuhungu: Pole kaka, wewe angalau umerudi na mali yako. Mimi nimempa fundi cherehani kitenge cha sendofu, kila siku "njoo kesho". Jumapili namkuta dada yake kanisani kakivaa. Na kimemkaa!

mke_wa_mtu: Fundi yule mwenye jino la dhahabu?

Dada wa Nkuhungu: Huyo huyo!!

mke_wa_mtu: Mungu wangu. Ana gauni langu tangu kabla ya Pasaka.

Kipara wa Ilazo: Na suruali zangu mbili. Aliniambia cherehani imeharibika.

teminali_nyeusi: Cherehani yake nzima kabisa, asubuhi nimepita anashona sare za shule.

Dada wa Nkuhungu: Basi kesho saa nne tumfuate wote. Kipara, una bodaboda?

Kipara wa Ilazo: Ninayo, ila mafuta mnachanga.