Mwindaji akizeeka moyo hulainika, au ni “sizitaki mbichi hizi”?

Mjukuu wa Msasi:

Wakuu, salaam. Kila ukiibuka mjadala wa kufunga uwindaji hapa Tanzania, hakosi mtu wa kutuletea mzee fulani aliyewinda ujana wake wote na leo anasema anajuta. Halafu tunaulizwa: kama huyu aliyeua mia amefika huko, ninyi mnasubiri nini? Mimi naona ushahidi wa wazee hawa ni mzito, ila hausemi kile mnachotaka useme.

Jim Corbett hutajwa sana. Huyu aliwamaliza simbamarara na chui waliokuwa wakila watu India. Jike la simbamarara la Champawat alilolipiga mwaka 1907 lilihesabiwa kuua watu 436. Baadaye akashika kamera, akawa mtetezi wa wanyama, mwaka 1947 akahamia Nyeri, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1955. Inasimuliwa kama toba. Lakini simbamarara mla watu wa kijiji cha Thak alimpiga mwaka 1938, yeye ana miaka 63, kamera anayo siku nyingi. Alichoacha ni kuua kwa starehe. Palipokuwa na sababu, kidole hakikutetemeka.

Wamarekani nao wana ngazi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Robert Jackson na Robert Norton wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, La Crosse, waliwahoji wawindaji wakaona wanapita hatua tano: kwanza mtu anataka tu kufyatua, kisha kujaza idadi anayoruhusiwa, kisha pembe kubwa, kisha anajitafutia ugumu (anaacha bunduki anachukua upinde), mwisho kutembea porini na wenzake kunamtosha. Sawa, ila hiyo ni ngazi ya mtu mwenye nyama kwenye friji. Nenda Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda. Pale kuua mnyama mkubwa ni sehemu ya kumfanya mwanamume ahesabike mtu mzima kamili, na ziko sehemu za nyama, epeme, zinazoliwa na wanaume wa daraja hilo peke yao. Umri unamsogeza mtu karibu na nyama.

Sasa la nyumbani. Baba yangu mdogo aliwinda kwa leseni upande wa Manyoni zaidi ya miaka ishirini. Jioni moja alimpiga tandala, akakimbia na risasi tumboni. Walifuata damu hadi giza, asubuhi wakamkuta fisi wamemaliza, pembe tu zimebaki. Akaendelea misimu mitatu mingine, kisha bunduki akaisalimisha polisi. Nilipomuuliza kama aliwahurumia wanyama alinikatiza: “Aliyeanguka papo hapo sijawahi kumlilia. Ninaowaota ni walioondoka.”

Kumbe hesabu yake haikuwa ya miaka, ilikuwa ya risasi mbaya. Na wazee wengi mkiwasikiliza vizuri, husimulia huyo mnyama mmoja aliyepotea, hawasimulii wote. Kwa hiyo hoja yangu: tusifunge uwindaji kwa machozi ya wazee, ila tuyatumie pale yanapoelekeza. Ujerumani hupati leseni kabla ya kufaulu mtihani, na kulenga shabaha kumo. Kwetu nani anakuuliza kama unajua kulenga?

Goti Bovu:

Mkuu umeandika vizuri lakini umezunguka sana. Miaka 70 macho yana ukungu, magoti yamekufa, nyati akikugeukia mti huupandi. Sungura alipozishindwa zile ndizi alisemaje? Nipe mzee mwenye nguvu zake zote aliyeacha, hapo nitaamini ni moyo.

Mjukuu wa Msasi:

Baba mdogo aliacha na miaka 48, mkuu, na mpaka leo analima kwa jembe la mkono. Magoti yasisingiziwe.

Mwali wa Jikoni:

Nyie wanaume mnaulizana moyo, sisi tuliokuwa tunachuna na kukausha hatuulizwi. Babu yangu Rufiji sijamwona akilia kwa ajili ya mnyama ila siku fisi walipomlia kongoni wake, na alilia kwa njaa. Ni kweli uzeeni alipunguza kwenda porini. Lakini alipunguza kwa sababu wajukuu walianza kumletea samaki. Shibe ndiyo iliyomlainisha. Halafu ngiri akiingia kwenye mihogo yake, ile huruma inaenda likizo.

Na hapo ndipo mnaponiudhi mnaotaka kufunga kila kitu. Huruma ya aliyeshiba msimpangie mwenye shamba.

Mkenya wa Mpakani:

Ndugu zangu, sisi tulishafunga. Mwaka 1977, marufuku moja, wazee walioumia moyo na wasioumia wote wakakaa nyumbani. Haya, kati ya mwaka huo na 2016 wanyama wakubwa wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Kondoo na mbuzi waliongezeka, mashamba na nyua za waya zikaongezeka, ujangili nao haukusoma lile tangazo. Sisemi tufungue, mimi binafsi siwezi kumpiga hata digidigi. Nasema tu kwamba tuliondoa mtu mwenye leseni, na mnyama akaendelea kupungua. Moyo wa mwindaji ni mada tamu, lakini mnyama anaishi kwenye ardhi, haishi kwenye moyo wa mtu.

Goti Bovu:

Hapo Mkenya umenikuna. Hata hivyo huo mtihani wa shabaha naukubali, mradi usigeuke mradi wa kukusanya ada.

Askari Mstaafu:

Nimekaa kimya nikisoma. Nimesindikiza wageni kwenye vitalu vya uwindaji miaka mingi. Vijana wao siku ya kwanza tu wanataka kupiga picha na mzoga. Wazee wanauliza upepo unatoka wapi. Tofauti ipo, sibishi, na sehemu yake ni pesa: mgeni akimjeruhi mnyama akapotea, anamlipia kama aliyeuawa. Hiyo inafundisha subira haraka kuliko mvi.

Yuko mmoja wa miaka sabini na kitu. Tulifuata nyayo za nyati dume tangu alfajiri, tukamkuta amelala kivulini, mita kama arobaini. Mzee akaweka bunduki kwenye fimbo ya kuiegemeza, akalenga muda mrefu, kisha akashusha. Akaniambia kwa ishara twende. Njiani machozi yanamtoka, mimi nikajua safari imeisha, nikaanza kuwaza nitamwelezaje bosi.

Kesho yake saa mbili asubuhi akapiga dume jingine, risasi moja. Jioni akaomba ulimi uchomwe, akaumaliza peke yake. Nilimuuliza yule wa jana alikuwa na nini. Akasema: “Yule alikuwa amelala.”