Losheni za jua zizuiwe kwenye matumbawe?

Tangu 1 Januari 2021, Hawaii haiuzi losheni za jua zenye oksibenzoni au oktinoksati (kemikali za kuzuia miale ya jua) bila cheti cha daktari, ili kulinda matumbawe. Je, nasi tuzizuie kwenye matumbawe ya Mnemba, Zanzibar, na Kisite, karibu na Shimoni, Kenya?

Bint Pwani: Tuzizuie, tena mapema. Mtu mzima akijipaka mwili wote inavyotakiwa hutumia mililita 35 hivi. Boti ya wageni 20 ni mililita 700, na sehemu yake huishia majini. Maabara zimeshaonyesha kuwa oksibenzoni hudhuru mabuu ya matumbawe.

Nahodha wa Shimoni: Dada, ya maabara nayakubali. Ila tazama kilichovunjika pale chini: ni matawi, na yamevunjwa na nanga na miguu. Tumbawe la mviringo hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka. Nanga ikiburuta mara moja, kazi ya miaka imekwisha. Halafu Hawaii wamezuia kuuza, si kujipaka. Mgeni anashuka na chupa yake kwenye begi. Kwanza tufunge boti zote kwenye maboya.

Fundi Miwani: Mnavitenganisha vitu viwili ambavyo ni kimoja. Losheni ya kipaji cha uso huyeyuka, ukingo wa miwani ya kuzamia unateleza, maji yanaingia, macho yanawaka. Mgeni anafanya nini? Anasimama, na chini ya mapezi yake (yale ya kuvaa miguuni) ni tumbawe. Nywele na masharubu yakibanwa na ukingo huo, mambo ni yale yale. Kukaza mkanda hakusaidii. Huukunja mpira na maji yanazidi. Miwani mipya isuguliwe kioo kwa dawa ya meno kabla ya safari, vinginevyo itapiga ukungu hata uitemee mate mara kumi.

Bint Pwani: Basi fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana iwe lazima. Losheni itabaki ya shingo na sehemu za mikono na miguu zisizofunikwa, tena ya zinki badala ya kemikali zile, dakika 20 kabla ya kuingia majini. Usoni, chini ya miwani, isipakwe kabisa.

Nahodha wa Shimoni: Hapo tunaelewana. Niongeze moja: safari ifuate maji, si saa ya chai ya hoteli. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), maji yakipwa mwamba unabaki na kina cha magoti, na hapo hata mwogeleaji hodari atagusa. Ingieni muda wa saa mbili au tatu baada ya maji kuanza kujaa.

Fundi Miwani: Na fulana 20 kwa kila boti, anunue nani? Mimi naona ziingizwe kwenye bei ya safari kama mapezi, zisikodishwe pembeni. Zikikodishwa, nusu ya wageni watazikataa.